Je, Tendo la Mtu Hufa Pamoja Naye?



Mtu asimamaye mjini Morogoro asubuhi na mapema, akiinua macho upande wa milima, auona mlima Lupanga umesimama juu ya mji kama ukuta, na mara nyingi kilele chake kimefunikwa na wingu. Mgeni hudhani kwamba wingu lile ni pambo la mlima tu, lakini wenyeji wajua ya kuwa ndilo riziki yao. Upepo wa pwani waleta unyevu wa Bahari ya Hindi, nao ukifika Uluguru hauna njia ila kupanda. Kwa kupanda wapoa, na kwa kupoa wageuka kuwa wingu na mvua. Mvua yaangukia msitu, msitu waipokea polepole, udongo waiweka kama mtu awekavyo akiba, kisha yatoka tena chini katika chemchemi nyingi. Chemchemi zafanya vijito, vijito vyafanya mito ya Mgeta na Mfizigo na Mvuha na mingine, na mito hiyo yaungana na Ruvu. Na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo na watu wengi wa Dar es Salaam, tangu mtambo wa Ruvu Juu ulipojengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976.

Basi, mama mmoja wa Dar es Salaam afungua bomba na kujaza ndoo yake. Hamjui mzee wa Uluguru ambaye zamani sana alikataa kuukata mti uliosimama juu ya chemchemi. Mzee naye hakumjua mama huyu. Labda alikufa kabla mama huyu hajazaliwa. Hawakuonana, hawakusalimiana, wala hakuna aliyewahi kumtajia mmoja jina la mwenziwe. Hata hivyo, mmoja amempa mwenziwe maji. Na kama mzee yule angalikata mti wake, mama huyu angaliona kiu, asijue ni nani aliyemwonesha kiu hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1922 hakuwako. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka 2022 alikuwako, mvua zilipochelewa na Ruvu ikapungua sana, hata watu wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu.

Hapa ndipo linapoanza swali ambalo nataka tulifikiri pamoja mwezi huu: Je, tendo la mtu hufa pamoja naye? Au laendelea kutembea duniani baada ya yeye kulala, likiingia katika nyumba za watu asiowajua? Na kama laendelea, je, tuna deni kwa watu ambao hatutawaona kamwe?

Habari ya sinema moja

Swali hili nililipata kwa njia ambayo sikuitazamia. Mwanangu aliporudi nyumbani likizo alinionesha sinema iitwayo Cloud Atlas, maana yake kitabu cha ramani za mawingu. Ilitolewa mwaka 2012, nayo yatoka katika kitabu cha Mwingereza David Mitchell kilichopigwa chapa mwaka 2004. Waliotengeneza sinema hiyo ni watatu: ndugu wawili wa Marekani wa jina la Wachowski, na Mjerumani Tom Tykwer. Jina la Tykwer si geni kabisa katika nchi zetu, maana kwa miaka mingi yeye na wenziwe wamewasaidia vijana wa Nairobi kujifunza kazi ya kutengeneza sinema, na katika mwaka huo huo wa 2012 ilitoka sinema ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, ambayo yeye alikuwa mmoja wa waliosimamia kutengenezwa kwake.

Cloud Atlas ni ndefu, karibu saa tatu, nayo yasimulia hadithi sita zilizochanganywa kama nyuzi za ukili. Ya kwanza ni ya mwaka 1849: mwanasheria mmoja wa Marekani asafiri baharini, naye daktari mwovu amtilia sumu kidogo kidogo apate kumwibia dhahabu. Mtumwa aliyejificha merikebuni, ambaye mwanasheria huyo alimtetea mbele ya nahodha, ndiye amwokoaye. Mwanasheria aandika habari zake katika daftari. Mwaka 1936 kijana mmoja mpiga muziki aliona daftari lile, nusu yake imechanika, akalisoma. Kijana yule naye aandika barua kwa rafiki yake, na mwaka 1973 barua zile zaangukia mikononi mwa mwanamke mwandishi wa magazeti, ambaye atafuta kufichua hatari ya mtambo mmoja wa nguvu za atomiki. Habari za mwanamke huyo zaandikwa, zasomwa na mzee mmoja mchapishaji wa vitabu mwaka 2012. Mambo ya mzee yafanywa sinema, nayo yatazamwa mwaka 2144 na msichana aliyeumbwa na watu kwa mitambo ili awe mtumishi asiye na haki, naye apata ujasiri wa kusema kweli, akauawa kwa ajili yake. Mwisho, karne mbili karibu baada ya hapo, ulimwengu umekwisha kuharibika, na watu wachache wakaao kisiwani wamsujudia msichana yule kama mungu, wasijue ya kuwa alikuwa mtumishi aliyeteswa.

Tena waigizaji ni wale wale katika hadithi zote. Yule anayekuwa daktari mwovu mwaka 1849 ndiye anayekuwa mchungaji wa mbuzi mwenye hofu katika hadithi ya mwisho, naye kwa shida nyingi ashinda hofu yake na kutenda mema. Kwa hiyo mtazamaji ashawishika kufikiri kwamba ni roho moja iliyorudi mara nyingi, ikijifunza au ikiharibika.

Nilipoimaliza nilikaa kimya. Mwanangu akaniuliza, “Baba, wewe waonaje? Mtu hurudi?” Nikamwambia kwamba sisi Wakristo hatufundishi hivyo, twaamini ya kuwa mtu huishi mara moja, naye atatoa hesabu ya maisha yake mwenyewe, wala si ya mwingine. Jibu hilo ni kweli, nami nalishika. Lakini nilijua moyoni kwamba halikuligusa jambo lililonisumbua. Maana halikuwa jambo la roho kurudi. Lilikuwa jambo la miti.

Jina lirithiwalo

Niruhusuni kwanza nieleze desturi yetu kwa wasomaji wasiotoka Uluguru. Kwetu ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Ardhi ya ukoo haitoki kwa baba kwenda kwa mwana, bali kwa mjomba kwenda kwa mpwa wake, yaani mwana wa dada yake. Na mrithi hapokei shamba tu. Hupokea na jina. Mkubwa akifa, wazee humchagua mmoja wa wapwa, naye hushika mahali pa marehemu. Kule Kinole jina la Kingalu, ambao zamani walisifiwa kwa mambo ya mvua, limepita hivyo kutoka mtu kwa mtu, mmoja akiisha kufa mwingine akilishika, hata siku zetu hizi. Watu wamekufa wengi, Kingalu hajafa.

Angalieni vema jambo hili. Hakuna mtu mwenye akili adhaniye kwamba Kingalu wa leo ni mtu yule yule wa zamani, au kwamba nafsi ya marehemu imeingia ndani yake kama mtu aingiavyo nyumbani. Wajua kwamba ni mtu mwingine, mwenye mama yake na dhambi zake na tabia yake. Lakini wamwambia: Mahali alipokuwa amesimama yule, sasa simama wewe. Aliyoyaahidi yule, umeyaahidi wewe. Aliowalisha yule, uwalishe wewe. Basi sinema ile yasema kwamba ni nafsi ipitayo kutoka zamani hata zamani. Desturi ya wazee wetu yasema kwamba ni wajibu. Nami naona ya kuwa wazee walikuwa karibu zaidi na kweli.

Miti ya mjomba wangu

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwafundisha watu na kuficha jeraha.

Kwetu ni upande wa Matombo. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa na shamba bondeni, na juu ya shamba palikuwa na chemchemi ndogo. Alipokuwa kijana aliizungushia miti: mivule kwa juu, na mikuyu karibu na maji. Alipokuwa mzee miti ile ilikuwa minene, na chemchemi haikukauka hata katika kiangazi kikali. Nyumba zote za mtaa ule zilichota pale. Alipokufa, wazee wa ukoo wakaniita mbele ya watu, wakanipa shamba na jina lake.

Mwaka wa tatu baada ya hapo nilikuwa nakaa mjini Morogoro, na mwanangu wa kwanza alikuwa amechaguliwa kuendelea na masomo. Ada ilikuwa kubwa kuliko mshahara wangu. Mfanyabiashara mmoja wa mbao akanijia, akaniambia, “Mzee, una mali imesimama shambani, nawe walia njaa?” Tukapatana bei. Akaleta watu na msumeno wa mashine, na kwa siku mbili miti yote ikalala. Mivule ikawa mbao, mikuyu ikawa mkaa. Ada ikalipwa. Nawaambieni kweli, sikuona haya. Nilisema moyoni: Shamba ni langu, na fedha zimekwenda katika elimu ya mtoto, wala si katika pombe.

Kiangazi cha kwanza maji yalipungua. Cha pili yakawa tope. Cha tatu chemchemi ikakauka, na wanawake wa mtaa wakaanza kushuka mpaka mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda, na wa kurudi ni zaidi, kwa sababu ya mlima na mzigo.

Nilipokwenda kijijini mwaka ule, mama yangu mkubwa, ambaye alikuwa mzee sana, alinikuta nimekaa barazani. Alikuwa na kidumu kidogo cha maji mkononi. Kikubwa hakukiweza tena. Akaketi, akapumzika. Kisha akaniita kwa jina la mjomba, kama ilivyompasa tangu siku ile nilipolirithi, akasema, “Kaka, mbona umeikata miti uliyoipanda mwenyewe?”

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama dada amwulizavyo kaka yake jambo asilolielewa. Nami nikafungua kinywa nimjibu kwamba si mimi niliyeipanda. Lakini neno halikutoka. Maana nikisema, “Si mimi niliyeipanda,” basi shamba si langu, na jina si langu, na miti ile sikuwa na haki ya kuiuza. Na nikisema, “Haki ya kuuza ninayo,” basi mimi ndimi niliyeipanda, nami nimeivunja kazi ya mikono yangu. Hapakuwa na njia ya tatu. Nilitaka kuwa mjomba siku ya kupokea, na kuwa mtu mwingine siku ya kuulizwa.

Wasomaji wangu, je, si hivyo tulivyo wengi? Twasema “sisi” tukihesabu mema ya waliotutangulia: sisi tulijenga kanisa hili, sisi tulipata uhuru, sisi tuna milima mizuri. Lakini tukihesabiwa madeni yao twasema “wao.”

Hatia na deni

Hapa labda katekista mmoja atainua mkono na kusema: Mbona nabii Ezekieli, katika mlango wa kumi na nane, aikataa mithali ya watu waliosema kwamba watoto huumizwa kwa makosa ya baba zao? Mbona afundisha ya kuwa kila mtu atajibu kwa ajili ya nafsi yake?

Ni swali jema, nalo latutaka tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hatia ni jambo moja, na deni ni jambo jingine. Hatia ni ya mtenda peke yake. Hairithiwi, wala haipasi mtu kumtwika mtoto aliyezaliwa jana hatia ya babu yake. Lakini deni lakaa katika kitu, nalo lafuatana na kitu. Mtu akirithi nyumba iliyowekwa rehani, hakutenda kosa lo lote. Lakini hawezi kukaa katika nyumba ile na kusema kwamba rehani haimhusu. Aondoke katika nyumba, au alipe.

Mfano wake ni mwanangu. Katika jambo la miti hana hatia hata kidogo. Alikuwa mtoto, hakuulizwa. Tena kwa desturi yetu yeye si wa ukoo wangu, bali wa ukoo wa mama yake. Shamba lile halitakuwa lake kamwe, litakuwa la wapwa wangu. Kwa sheria zote za dunia angaliweza kusema kwamba habari hii haimgusi. Lakini baada ya kuitazama ile sinema pamoja nami, nikamweleza habari yote, naye akanyamaza siku nzima. Kesho yake asubuhi akachukua jembe. Nilipomwuliza aenda wapi, akajibu, “Ada yangu ilitoka pale, baba.” Tukaenda pamoja, tukachimba mashimo, tukapanda.

Yeye hakujuta, maana hakuwa na la kujutia. Mwenye kujuta ni mimi. Lakini alilipa. Toba ni ya mkosaji. Malipo yaweza kuwa ya mtu mwema ye yote aliyekula matunda ya kosa.

Je, mtu wa leo atwikwe kwa ajili ya mtu wa kesho?

Lakini mwingine atasema: Ukifundisha kwamba tuna deni kwa watu wasiozaliwa bado, wawafungulia mlango wakubwa wote wapendao kuwatesa watu wa leo kwa kusema, “Ni kwa ajili ya watoto wenu.”

Naye ana haki kuogopa, maana jambo hilo limetokea katika milima yetu yenyewe. Serikali ya Kijerumani ilitenga misitu ya Uluguru kuwa hifadhi mwaka 1909, ili maji yasipotee. Baadaye, tangu mwaka 1950, serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuitunza ardhi ya Uluguru. Nia yake haikuwa mbaya: udongo ulikuwa ukishuka mitoni kila masika, na Ruvu ilikuwa ikichafuka. Watu wakaamriwa kuchonga matuta ya ngazi katika miteremko, wakafanya kazi hiyo kwa lazima. Lakini mahali pengi udongo wa juu ni mwembamba. Kwa kuchimba, udongo mbaya wa chini uliletwa juu, na mazao yakawa haba. Watu waliolalamika hawakusikilizwa. Mwaka 1955 pande za Matombo zikaingia ghasia, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Ndipo mpango ukaachwa. Na kwa muda mrefu baadaye, mtu aliyetaja habari ya kutunza udongo katika vijiji vingine alitazamwa kwa jicho la shaka.

Twajifunza nini? Si kwamba watu wa kesho hawana haki kwetu, bali kwamba haki yao haiwezi kulipwa kwa kuwadharau watu wa leo. Maana mtu wa leo naye alikuwa mtu wa kesho kwa babu yake. Ukimvunja yeye, umevunja pingu moja ya mnyororo, na mnyororo ukivunjika katikati haufiki mwisho. Mtu aliyelazimishwa kutunza mti huukata siku mlinzi akigeuka. Tena si haki mzigo wote umwangukie mkulima wa mlimani, na faida yote imwendee mnywaji wa bondeni. Kwa sababu hii nausifu mpango mwingine uliojaribiwa pande za Kibungo baada ya mwaka 2000, ambao wakulima waliotunza miteremko walipewa malipo, na fedha zikatoka kwa watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu. Ulikuwa mdogo, wala haukuponya yote. Lakini wazo lake lilikuwa la haki: kwamba mama wa bombani na mzee wa chemchemini wajuane angalau kwa njia ya malipo.

Kupanda bila kuona

Lakini deni kubwa kuliko yote haliwezi kulipwa kwa fedha, kwa kuwa mwenye kulidai hajazaliwa. Jambo hili nililiona katika sinema nyingine, fupi sana, ya dakika ishirini na kitu, iliyotengenezwa mwaka 2009 na mwanamke wa Kenya, Wanuri Kahiu. Yaitwa Pumzi. Yaonesha siku zijazo, baada ya vita vya kugombania maji. Nchi imekufa, na watu wakaa ndani ya jengo lililofungwa, wakipimiwa maji, hata jasho lao lakusanywa na kusafishwa wapate kunywa tena. Msichana mmoja aitwaye Asha aletewa udongo kidogo asiojua umetoka wapi. Atia mbegu ndani yake, nayo yachipuka. Wakubwa wamkataza kutoka nje. Atoroka, atembea jangwani, aupanda mche, aunywesha maji yake ya mwisho, kisha aufunika kwa kivuli cha mwili wake mwenyewe.

Asha hakuuona msitu. Na mjomba wangu hakumwona mama wa Dar es Salaam. Bwana wetu naye alifundisha katika Injili ya Yohana kwamba apandaye si lazima awe yule avunaye, na kwamba wote wawili wafurahi pamoja. Katika Cloud Atlas mwanasheria yule wa mwaka 1849 arudi nyumbani, aazimia kupigania watumwa waachwe huru, na mkwewe amdharau kwamba kazi yake itakuwa kama tone moja katika bahari kuu. Lakini sisi tukaao chini ya Lupanga hatuwezi kulidharau tone. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Na Ruvu yote, pamoja na mitambo yake na mabomba yake, haina kitu kingine ndani yake ila matone ambayo jani moja moja liliyapokea kutoka katika wingu.

Neno kwa makatekista

Nina neno la mwisho, nalo lawahusu hasa ndugu zangu makatekista. Katika sinema ile, kitu kilichounganisha watu wa zamani mbalimbali kilikuwa maandiko: daftari, barua, kitabu, ushuhuda. Daftari lilichanika nusu, na msomaji akasikitika. Ushuhuda wa msichana ulifika kwa watu wa mwisho ukiwa umepotoka, wakamfanya mungu yule aliyetaka tu kuwa mtu. Basi kuna makosa mawili: kutoandika, na kuandika ovyo.

Tazameni habari ya mji wetu. Katika karne ya kumi na tisa Kisabengo alijenga hapa mji wenye boma imara, na binti yake Simbamwene akautawala baada yake. Stanley alipopita mwaka 1871 aliustaajabia. Mwaka 1872 mafuriko makubwa yakauharibu. Twajua hayo kwa sababu msafiri mmoja mgeni, apitaye njia, aliyatia katika kitabu chake. Alihesabu minara ya boma. Majina ya akina mama waliozama hakuyaandika, maana hakuwajua. Wenyeji waliowajua hawakuwa na kalamu. Ninyi mnayo.

Kwa hiyo andikeni. Katika kitabu cha usharika, pamoja na ubatizo na ndoa na maziko, andikeni mwaka chemchemi ilipokauka na sababu yake. Andikeni aliyepanda miti ya uwanja wa kanisa, na aliyeikata. Msiwasifu marehemu kwa uongo, wala msifiche madeni yao, kwa sababu mtu hawezi kulipa deni asilolijua. Mimi nimeandika langu katika kitabu cha usharika wetu, kwa mkono wangu, na mwaka wake.

Miche tuliyoipanda, mwanangu na mimi pamoja na wapwa wangu watatu, imefika kiunoni mwa mtu. Wakati wa masika pale chini ya mawe huonekana unyevu. Wakati wa kiangazi hakuna kitu bado. Mama yangu mkubwa amekwisha kulala, wala hakuyaona maji. Siku ya mwisho nilipomtembelea nilimwambia, “Dada, nimepanda tena.” Akanitazama, akasema, “Vema, kaka. Nani atachota?”

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akasema, “Hata zamani hukujua.”